Barua kwa mwanangu anayetaka kusimamia watoto mahakamani

Mwanangu mpendwa,

Vois yako nimeisikiliza nikiwa njiani kwenda kazini na jioni nikairudia tena. Umeniuliza mambo mawili, kwanza wewe sio mwanasheria wala hujasomea ustawi wa jamii sasa huko CASA, kwa watu wanaojitolea kumfuatilia mtoto aliyeondolewa kwao na kumsemea mahakamani, utamsaidia mtoto nini, na pili ukishamzoea mtoto alafu jaji akaamua arudi kwa mama yake yule yule aliyemtelekeza utavumiliaje. Nimeona nikujibu kwa maandishi maana kwenye simu mimi na wewe tunakatishana sana.

La kwanza lisikusumbue kabisa. Kazi yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya watu wasio wanasheria. Mwaka 1977 kule Seattle kulikuwa na jaji anaitwa David Soukup, alikuwa anaamua maisha ya watoto kwa maelezo machache mno, anamtoa mtoto kwao au anamrudisha na moyo wake hauna uhakika, ndo akaona atafute raia wa kawaida, wafundishwe, kila mmoja apewe mtoto wa kumfuatilia alafu aje aiambie mahakama alichokiona kwa macho yake. Ni hivyo hivyo mpaka leo. Hapa Texas mtoto akichukuliwa na CPS, idara ya serikali ya kulinda watoto, lazima mahakama impe wakili, na wakili wake anasimamia kile mtoto anachotaka. Wewe unasema kile unachoona kina maslahi na mtoto, na kama mtoto mwenyewe anataka kingine unamwandikia jaji vyote viwili bila kuficha. Afisa wa CPS naye ana watoto wengi mno, na wanaacha kazi sana, unakuta mwaka haujaisha kesi imeshashikwa na mtu wa tatu na kila anayekuja anaanza kusoma upya. Wewe unabaki na mtoto mmoja, au ndugu wa familia moja, mpaka faili lifungwe.

Ngoja nikupe mfano wa mtoto niliyemsimamia mimi mwenyewe, ila jina wala mji sikutajii, hata wewe mwanangu, siri za hawa watoto haziruhusiwi kutoka. Kulikuwa na mtoto wa darasa la pili, karatasi zote za shule zinasema mkorofi, hatulii, hanakili ubaoni, mpaka wakaanza kuongelea habari za kumpa dawa za kumtuliza. Sasa jaji akishakuteua unapata amri inayokuruhusu kusoma faili la shule na la hospitali. Nikaenda pale shuleni nikaomba faili, nikakaa nalo, na katikati kuna kikaratasi cha nesi wa shule ya mwanzo kinasema mtoto kapimwa macho na kapewa miwani. Miwani? Mbona mimi sijawahi kumwona nayo? Nilipoenda kumtembelea kwa mama wa fosta, yaani anayemlea kwa muda, tukawa tunachora mezani, nikamuuliza, akanijibu bila hata kuinua kichwa, "iko kwa mama, juu ya friji." Usiku walioenda kumchukua hakuna aliyekumbuka miwani, na toka pale alishahamishwa nyumba nyingine, kila nyumba wanaletewa mtoto na mfuko wa nguo wanadhani ndo alivyo. Hakuna mtu mbaya hapo. Nikampigia supavaiza wangu wa CASA, tukaiweka kwenye ripoti, na siku ya kesi jaji akauliza mbele ya mawakili wote hiyo miwani inapatikana lini, akataka tarehe. Sikuhitaji digrii ya sheria kwa hilo, nilihitaji muda wa kusoma karatasi na kukaa na mtoto mpaka aongee.

Sasa hili la pili, hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Wengi wakisikia mtoto kachukuliwa wanawaza kipigo tu. Kipigo kipo, na mengine mabaya kuliko kipigo yapo, lakini watoto wengi Marekani hii wanaingia kwa kutotunzwa, chakula hamna, mtoto kaachwa peke yake, hajapelekwa hospitali, na ukichimba unakuta madawa ya kulevya, ugonjwa wa akili, mwanaume anayempiga mama, au umasikini mtupu. Sheria inataka kwanza ijaribiwe mtoto arudi kwao kama pamekuwa salama. Mzazi anapewa mpango, apime mkojo, aende kwenye matibabu, ahudhurie mafunzo ya malezi, apate pa kuishi, na muda unahesabiwa. Ndani ya siku 14 kesi inasikilizwa, siku ya 60 haijapita wanarudi mahakamani kuangalia mpango, siku ya 180 haijapita wanarudi tena, na baada ya mwaka kesi inatakiwa iwe imeisha au imeanza kusikilizwa, labda jaji aongeze siku 180 kwa sababu maalumu.

Muda wote huo wewe unatazama. Nenda siku mama anapokuja kuonana na mtoto. Angalia kama anakuja kwa wakati, kama kaleta kitu cha kula, mtoto akimwona anakimbilia au anajikunyata, na jioni yake mtoto analalaje. Ukiingia kwenye kesi ukiwa umeshamchukia mama, ripoti umeshaiandika kabla hujaona kitu, na jaji anakutegemea. Mimi nimewahi kuandika mtoto arudi kwa mama yake na nimewahi kuandika asirudi, akae kwa shangazi yake, na zote nilizitolea sababu kwa yale niliyoyaona. Kuumia utaumia, sikudanganyi. Ila wewe ni mtu mzima, una mimi, una supavaiza, una marafiki, utalia utanyamaza. Kumbakisha mtoto mbali na mama aliyejirekebisha eti kwa sababu wewe umemzoea, hiyo naiita dhuluma.

Alafu kwa sababu unajua Kiswahili, jua utapewa familia zetu, hapo Houston watu wa Kongo na Burundi wamejaa. Utakuta mama anafanya kazi usiku, kamwachia binti yake mkubwa wadogo zake kama sisi sote tulivyolelewa, jirani kapiga simu. Sheria ya Texas haijataja umri wa kumwacha mtoto peke yake, inaangalia hatari aliyokuwa nayo, kwa hiyo maelezo yako kwa jaji yana uzito mkubwa. Lakini usikubali kugeuzwa mkalimani hata wakikubembeleza, mkalimani waletewe wa mahakama, maana ukishaanza kutafsiri maneno ya watu huwezi tena kumwangalia mtoto. Uliza ndugu pia, tena uliza sana, familia zetu haikosekani mama mdogo Phoenix au Columbus ambaye hakuna aliyemtafuta. Na usimtetee mtu kisa ni wa kwetu. Hiyo methali ya mchelea mwana kulia kuna watu wameifanya ruhusa ya kumchapa mtoto na waya wa pasi, nimeona alama zake mgongoni kwa mtoto, na hapo hamna cha mila.

Mengine ni madogo. Uwe umefika miaka 21, wewe umeshapita. Watachukua alama za vidole na kukagua rekodi zako, watakuhoji maswali ya ndani hasa, alafu mafunzo saa 30 ndo jaji anakuapisha. Malipo hamna. Mtoto unamtembelea angalau mara moja kwa mwezi, kumleta nyumbani kwako hairuhusiwi, picha zake usiweke popote, na usimuahidi kitu ambacho sio wewe unayekiamua, usimwambie "utarudi nyumbani" hata akikung'ang'ania shingoni.

Kinachonipa wasiwasi ni kimoja tu. Ulisema mwakani huenda mkahamia Denver na mchumba wako. Kesi moja inaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi, na mtoto huyu kila mtu anamwambia kwaheri. Kaeni mlimalize hilo kwanza. Kama mnabaki, ongea na bosi wako, kesi zinasikilizwa siku za kazi, na kwenye usaili uliza supavaiza mmoja anasimamia wajitolea wangapi, ukiona anababaika kukujibu jiulize mara mbili. Fomu itataka watu wa kukudhamini, mimi usiniweke maana ni mama yako, muweke yule mwalimu wako wa kolegi na mtu wa kazini.

Msalimie mwenzio. Jumapili nipigie tuongee vizuri.

Mama