Uliza Ujibiwe: Kupaka upya sanamu za wahusika wa filamu

Swali: Ndugu Mhariri, nimepuliza rangi ya kopo kwenye sanamu ya sentimita 15 ya mhusika wa filamu. Wiki ya tatu hii, joho bado linanata vidoleni. Kopo nililinunua jipya Mwanjelwa. Je, ni baridi? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

Jibu: Baridi imechangia, lakini chanzo ni plastiki. Kwenye sanamu nyingi za aina hii kichwa, joho na viganja ni PVC laini, na maungio ni ABS ngumu. PVC hulainishwa kiwandani kwa kemikali ya mafutamafuta ambayo haitulii ndani: hupanda juu polepole na kuilainisha rangi yenye tina, kama hiyo ya kopo. Rangi hiyo utaianika mwezi mzima bila mafanikio. Gusa magoti: yakiwa makavu huku joho likinata, umepata jibu.

Iondoe yote. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70, jaribu kwanza chini ya unyayo, kisha safisha sehemu ndogondogo na umalizie kwa mswaki laini. Asetoni na tina viweke mbali kabisa, kwa sababu huyeyusha ABS, na umbo likishayeyuka halirudi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha ikauke usiku kucha, na baada ya hapo ishike kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huikataa rangi.

Sasa tumia akriliki ya maji. Changanya rangi sehemu moja na maji sehemu moja, iwe nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, utaonekana mbaya, wenye mabaka. Usiurudie ungali mbichi. Mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja ukisubiri nusu saa, hufunika vizuri bila kuziba mikunjo ya nguo na nyusi, na uzuri wa sanamu uko hapo. Akriliki haishikani vizuri chini ya nyuzi 10, na usiku wa Juni na Julai huko Uyole hushuka chini ya hapo. Paka kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, kisha ifunike ndani ya nyumba kwa bakuli la plastiki kuzuia vumbi. Isikae karibu na jiko la mkaa: PVC hupinda.

Swali: Vanishi ya kupuliza imeacha ukungu mweupe juu ya kazi yangu. (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Ni unyevu. Kimiminika cha vanishi kinapokimbia hupoza uso wa sanamu, na maji ya hewani hunaswa humo. Tukuyu yenye mvua nyingi, tumia vanishi ya maji kwa brashi, mikono miwili myembamba. Hii ndiyo salama kwa PVC pia.

Swali: Macho ninayoipaka sanamu hutoka kama ya mtu aliyeshtuka. Na ngozi nyeusi naichanganyaje? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Jibu: Umepaka mboni duara kamili katikati ya weupe. Tazama jicho lolote lililotulia: kope ya juu hufunika sehemu ya mboni. Anza na weupe uliotiwa kahawia kidogo sana, weka mboni ikigusa kope ya juu, kisha kiini cheusi, kisha mstari mwembamba wa kahawia nzito juu. Nukta ya mwanga iwe upande uleule kwa macho yote mawili. Zikitofautiana, sanamu itaonekana ina makengeza. Anza na jicho linalousumbua mkono wako, kwani lile jepesi utalifuatisha bila shida. Chagua brashi yenye tumbo nene na ncha kali, maana ile ndogo sana hukauka kabla haijafika usoni. Ukikosea, futa papo hapo kwa pamba yenye maji.

Ngozi nyeusi usiitie rangi nyeusi, itakuwa kijivu na mfu. Anza na kahawia iliyoungua, ongeza nyekundu ya udongo mashavuni na masikioni, na buluu kidogo kwenye vivuli vya chini ya taya. Viganja viwe vyepesi zaidi. Usifuate picha moja ya filamu, kwa kuwa rangi za skrini hubadilishwa baada ya kupigwa. Linganisha kadhaa, hasa zilizopigwa mchana.

Swali: Rangi ya magotini hubanduka nikiukunja mguu. (Msomaji, Njombe)

Jibu: Sehemu mbili zinasuguana na rangi imeongeza unene. Lainisha mguu kwa maji ya nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika moja au mbili, uchomoe bila nguvu, piga msasa namba 400 kisha 600 ndani ya ungio, na upake mkono mmoja tu hapo. Subiri wiki nzima kabla ya kukunja.

Swali: Nimepewa sanamu ya Star Wars ya sentimita 9 na nusu, mguuni ina chapa ya 1977. Niipake? (Msomaji, Mafinga)

Jibu: Hapana. Kampuni ya Kenner ya Marekani ilianza kuuza sanamu hizo mwaka 1978 (chapa ya 1977 ni mwaka wa hakimiliki tu), na wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa. Ipanguse vumbi kwa brashi kavu, iweke mbali na jua, na mazoezi yafanyie sanamu ya bei nafuu iliyovunjika.