Usitume hiyo oda kabla hujairekebisha

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika "Nahitaji dagaa, sangara na sato wakavu" halafu unauliza kama pawekwe mkato kabla ya "na", na sifa mbili zitenganishweje? Hilo neno "wakavu" ndilo litakalokumaliza.

Niliandika hivyo hivyo kwa muuzaji wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mzigo wa Tabora, lori la kawaida, barafu hakuna. Kichwani mwangu wote wakavu. Yeye akasoma "wakavu" ni ya sato tu. Dagaa akaleta wa kuanika maana ndio anaowauza, ila sangara akapakia wabichi kabisa, kwenye matenga, juu ya magunia ya dagaa. Sikuwepo wakati wa kupakia. Turubai lilipofunguliwa Tabora, harufu ilishuka kabla ya kuli. Maji ya sangara yalikuwa yamechuruzika hadi gunia la chini, dagaa wamelowa, wamegeuka uji. Hela ya mzigo, nauli ya lori, na juu yake nikamlipa kijana akafukie. Nampigia muuzaji nimefura, ananisomea ujumbe wangu neno kwa neno. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Na yote haya kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyetukaririsha kwamba mkato unawekwa pumzi inapokata. Pumzi! Mwenye pumu aandikeje sasa? Mkato unatenganisha vitu, mapafu hayahusiki.

Kwenye oda, kila kitu kibebe sifa yake: "dagaa wakavu, sangara wakavu na sato wakavu." Kurudia si ushamba. Na sifa za kitu kimoja usizikate: "matenga makubwa mapya". Ukiandika "matenga makubwa, mapya", mjanja atakuletea makubwa yaliyochakaa na mapya madogo, na atakuwa na hoja. Mikato ya "mrefu, mwembamba, mweusi" waachie watunga hadithi.

Mkato kabla ya "na" kwa kawaida hatuweki. Ila usiudharau: Marekani, jimbo la Maine, sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo, bila mkato kabla ya "au" ya mwisho. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakashtaki, mwaka 2017 mahakama ya rufani ikasema orodha ina utata, ikawapa ushindi, na 2018 wakamalizana kwa dola milioni 5. Wenzetu mkato uliokosekana uliwalipa, mimi nikalipa mchimba shimo.

Futa huo ujumbe, andika upya, uubandike hapa tuusome kabla lori halijapakia.