Kwa nini setilaiti ya kupima sumaku ya dunia ilirushwa Ngomeni?

Swali: Marehemu baba alikuwa mvuvi hapa Ngomeni. Alikuwa akituambia kwamba mwaka 1971 roketi iliruka kutoka kwenye yale majukwaa ya Waitaliano baharini, ikaenda kupima sumaku ya dunia. Ni kweli? Na kwa nini Wamarekani waje mpaka huku?

Jibu: Ni kweli, na mzee alikumbuka vizuri. Tarehe 15 Novemba 1971, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ghuba ya Ungwana, ikiwa na Explorer 45, setilaiti ya NASA ya kilo 52 hivi.

Kilichowaleta ni kile walichotaka kukipima. Jua hutoa chembe zenye chaji mchana na usiku. Huo ndio upepo wa Jua. Uga wa sumaku wa dunia, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku hiyo, huuzuia, lakini ukivuma kwa nguvu, chembe nyingi hunaswa ndani ya uga. Protoni, zenye chaji chanya, huzunguka kuelekea magharibi, na elektroni, zenye chaji hasi, mashariki, na kwa pamoja hufanya mkondo wa umeme mfano wa pete, maelfu ya kilomita juu ya ikweta. Mkondo huo una usumaku wake, nao hupunguza ule wa dunia. Tazama dira ya nahodha wakati wa dhoruba kubwa ya sumaku, yaani pete hiyo inapopata nguvu: sindano bado iko kaskazini, lakini nguvu inayoishika, ambayo pwani yetu ni zaidi ya nanotesla 30,000 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), imepungua kwa mia kadhaa. Jicho haling'amui, magnetometa, chombo cha kupimia sumaku, hung'amua.

Basi kuipima pete hiyo vizuri kunataka setilaiti inayokaa kwenye usawa wa ikweta. Ukirusha kutoka Florida, digrii 28.5 kaskazini, obiti, njia ya setilaiti kuizunguka dunia, huanza ikiwa imeinama angalau kiasi hicho, na kuilaza kunakula mafuta mengi. Scout ilikuwa roketi ndogo, haikuyaweza hayo. Ngomeni haifiki digrii 3 kusini mwa ikweta: unarusha kuelekea mashariki, baharini, na setilaiti iko karibu kabisa na inapotakiwa.

Explorer 45 ilipanda hadi kilomita 27,000 hivi na kushuka tena, kila mzunguko karibu saa nane, ikiipita pete kwenda na kurudi. Mwezi mmoja tu baadaye, Desemba 1971, dhoruba ikaikuta kazini. Vifaa vyake vilipima nishati ya chembe bila kutofautisha haidrojeni na oksijeni. Hilo lilisubiri setilaiti za mradi wa baadaye ulioitwa AMPTE, 1984. Hata hivyo, ninapofundisha dhoruba za sumaku, naanzia na vipimo vya Desemba ile.