Usikubali Kumalizana Barabarani

Msimu mmoja wa masika niligongwa na daladala nilipokuwa nikivuka barabara pale Sakina, Arusha. Dereva alishuka, akanipangusa tope begani kwa kiganja chake, kisha akahesabu noti tano za elfu kumi na kusema, “Kaka, tumalizane hapa hapa, tusisumbuane na trafiki.” Nilizipokea, kwa kuwa maumivu yalikuwa bado hayajaanza sawasawa na yeye alionekana muungwana. Usiku goti lilivimba hata tukalazimika kuichana suruali kwa mkasi, na asubuhi eksirei ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Namba ya gari sikuwa nayo, shahidi sikuwa naye, na zile elfu hamsini ziliishia kwenye teksi na dawa za siku mbili.

Tangu hapo kila anayeniuliza humwambia aanze na polisi. Fomu namba tatu ya polisi, ambayo wengi tunaiita PF3, ndiyo inayounganisha jeraha na tukio, maana daktari huandika humo alichokiona siku hiyo, wala si kile utakachosimulia miezi sita baadaye. Mgonjwa anayevuja damu akimbizwe hospitali kwanza, na mtu mwingine aifuate fomu kituoni. Anayebaki eneo la ajali apige picha namba ya gari, na stika ya bima kama ipo, kwa sababu sheria inalitaka kila gari liwe na bima ya kuwalinda watu wengine, na uhai wa bima hiyo unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania. Risiti zote, hata ya magongo, ziwekwe kwenye bahasha moja.

Jambo linalowachanganya wengi ni kesi ya trafiki. Dereva akishtakiwa, akikiri na kutozwa faini, fedha hiyo huenda Serikalini, na majeruhi hurudi nyumbani mikono mitupu isipokuwa mahakama yenyewe iwe imeamuru alipwe fidia. Madai yako dhidi ya dereva, mwenye gari au kampuni ya bima ni safari nyingine, ingawa hukumu ile ya jinai hukusaidia sana kama ushahidi. Muda wa kufungua shauri la madhara ya namna hii ni miaka 3, na huyoyoma upesi kwa mtu anayedanganywa na ahadi za “njoo wiki ijayo”.

Upande wa pili niliuona Moshi, binamu yangu wa bodaboda alipomgonga bibi mmoja na kuwekwa mahabusu. Wazee wa ukoo walikuwa tayari wanachanga fedha za “kumtoa”. Niliwasihi wasitoe hata shilingi, kwa kuwa dhamana haiuzwi; kinachohitajika ni wadhamini wanaoaminika, wenye vitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, lakini ajali yake haikuwa miongoni mwa hayo. Nilimwonya pia asitie saini maelezo yoyote kabla ya kusomewa neno kwa neno, na penye kosa aombe lirekebishwe. (Mtu mwenye hofu hutia saini chochote, nami nisingemlaumu.) Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Alitoka kesho yake jioni. Tulipoikagua pikipiki, stika ya bima ilikuwa imekwisha wiki tatu kabla ya ajali, na mpaka leo, kila mwisho wa mwezi, anampelekea yule bibi sehemu ya gharama za matibabu kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wakili.