Usiku mmoja tu? Chimba!

Chimba. Nakwambia kabla hata ya salamu.

Umeuliza mambo matatu: posho ya ulinzi wa amani Kongo ikoje, ubebe buti gani, na mkivamiwa usiku mfanye nini. Halafu ukapenyeza katikati, kama si kitu, kwamba kuna koplo amekuhakikishia mkilala mahali usiku mmoja hamna haja ya kujichosha na mahandaki. Posho na buti tuviache kwa siku nyingine. Kwanza huyo koplo.

Wa kwangu alikuwa sajini. Lukaya, Uganda, tarehe 10 Machi 1979, vita ya Tanzania na Idi Amin. Masaka tulishaichukua mwishoni mwa Februari, na brigedi ya 201 ikafika kwenye kale kamji kando ya barabara ya Kampala, pale barabara inapotaka kuingia kwenye kinamasi cha mafunjo. Wengi wetu tulikuwa mgambo. Miezi minne nyuma mimi nilikuwa naandaa shamba la pamba. Nikapangwa namba mbili wa rashasha: mwenzangu anapiga, mimi nabeba kasha la mikanda ya risasi na kumlisha.

Jua likielekea kuzama nikashika beleshi. Sajini akapita, akacheka: "Wewe, unapanda mihogo? Kesho asubuhi tunaondoka!" Miguu imenivimba, mgongo unaniuma, nikalipokea neno lile kama mshahara. Shimo langu likaishia kina cha sufuria ya ugali. Mwenzangu, mtu mkaidi, akaendelea peke yake mpaka kiunoni.

Giza linaanza kushuka, Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakafyatua makombora ya Katyusha. Hujasikia sauti ile, kijana. Ni kama mabati ya shule nzima yanang'olewa kwa mpigo mmoja juu ya kichwa chako. Na cha kuchekesha, yalitupita juu, yakaangukia huko nyuma! Ningekuwa na shimo ningeinama, ningesoma dua zote ninazozijua, ningeinuka mzima. Lakini mtu aliyelala juu ya ardhi tupu, miguu ndiyo inayomwamulia. Nikakimbia. Tulikimbia wengi, msinicheke peke yangu, tulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Nikajikuta kwenye mafunjo, maji kifuani. Giza totoro. Anakohoa mtu, hujui ni wako au ni wa Amin. Hatua tatu kutoka kwangu palikuwa na mtu anahema. Nikamwelekezea bunduki, mbu wananila shavu zima na siwezi kupiga kofi, mpaka yule mtu akanong'ona, "Mama yangu, ruba hizi!" Kiswahili! Nilitamani nimkumbatie, na ruba zake.

Ndipo nikahisi uzito begani. Kasha.

Nilikimbia na risasi zote. Yule niliyemwacha shimoni alibaki na mkanda uliokuwa tayari kwenye bunduki, basi. Watu wakikimbia hutupa mizigo. Mimi nguvu za kuchimba sikuwa nazo, ila nguvu za kukimbia na lile chuma nilizipata. Usiku kucha nilisikiliza upande ule. Rashasha ikalia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena kidogo, kama mtu anayehesabu senti zake. Kisha sikuisikia tena.

Alfajiri brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka ikatokea barabara ya Kampala nyuma ya adui, sisi tukakusanywa tukarudishwa, na Walibya wakachapwa vibaya sana siku hiyo. Hayo wameyaandika wenye elimu yao. Sajini nilimwona mchana anawafokea watu wachimbe. Handaki lake yeye lilimfika kidevuni! Zaidi ya miaka 40 namlaani na sijachoka.

Sasa wewe unakwenda Kongo. Semuliki, huko huko Kongo, 7 Desemba 2017, kambi ya vijana wetu ilivamiwa jioni, saa zilezile, tukapoteza wasiopungua 14. Kwa hiyo ukifika mahali, kabla ya chai, chimba. Kiunoni kwanza, kifuani ukibakiwa na nguvu. Aliye kulia kwako na aliye kushoto uwajue kwa sauti, maana sura gizani haikusaidii. Halafu kaa humo humo. Hata kama ni kwa saa mbili, chimba. Hata mvua inanyesha. Koplo akicheka mwambie ndiyo, unapanda mihogo.

Mwenzangu nilimkuta shimoni mwake. Risasi ilimpita mkono wa kushoto, amejifunga kitambaa, maganda ya risasi yamemzunguka. Hakuniuliza kitu. Alilitazama kasha limejaa, akautazama mguu wangu mmoja uliokuwa peku, buti lilibaki kinamasini, kisha akanisogezea beleshi kwa ule mkono mzima.