Safari ya bure ya Young Eagles: jibu kwa mzazi mwenye wasiwasi

Dada yangu, umeuliza kama kuna mtego katika safari ya bure ya ndege ndogo aliyoahidiwa binti yako wa miaka 12 hapa Marekani. Mimi ni mmoja wa marubani wanaojitolea katika mpango huo, kwa hiyo nitakueleza ninavyoujua kutoka ndani.

Mpango wa Young Eagles ulianzishwa mwaka 1992 na EAA, chama cha wapenda ndege chenye makao yake Oshkosh, Wisconsin, kwa nia ya kuwarusha watoto milioni moja kufikia tarehe 17 Desemba 2003, siku ya kutimia kwa miaka 100 tangu Orville Wright na nduguye Wilbur waruke kwa mara ya kwanza kwa ndege yenye injini. Lengo hilo lilitimia, na leo waliorushwa wamepita milioni mbili, wote wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 17. Kuwa bure hakuna siri. Wengi wetu tuna leseni ya rubani binafsi, ambayo kwa kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haituruhusu kubeba abiria kwa malipo, hivyo mafuta hutoka mifukoni mwetu.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, mwulize rubani maswali bila kuona haya. Anapaswa kuwa amepaa na kutua walau mara tatu katika siku 90 zilizopita, na kuwa amepitia mafunzo ya kulinda watoto pamoja na uchunguzi wa mwenendo wake. Akikasirika kuulizwa, mtafute mwingine.

Safari yenyewe ni ya dakika 15 hadi 20 tu, na kwa maoni yangu sehemu yake bora hufanyika chini. Mimi humzungusha mtoto kwenye ndege yangu, Cessna 172, nikimwonyesha kwa nini rafadha, yaani pangaboi la ndege, haikaribiwi hata injini ikiwa imezimwa, kisha namwachia akinge mafuta kidogo kutoka tangini kwenye kichupa. Mafuta hayo ni ya rangi ya buluu, na maji yakiwamo hutuama chini yake, mahali anapoweza kuyaona kwa macho yake mwenyewe. Mtoto aliyekagua ndege kwa mkono wake hupanda akijua kwamba usalama ni kazi inayofanywa na watu, wala si bahati.

Tunaruka asubuhi, kabla jua halijapasha ardhi joto na hewa inayopanda haijaanza kuitikisa ndege. Tukishatulia angani, nampa usukani aushike kwa vidole, nami nakaa tayari. Sarakasi za angani zimekatazwa, lakini wapo wenzangu wanaopenda kona kali ili kumfurahisha mgeni. Sikubaliani nao, kwani mtoto aliyetapika mara nyingi hataki kurudi, na vijana wakubwa huficha hofu yao hadi dakika ya mwisho.

Akipenda, baadaye atapewa nafasi ya kusoma kozi ya urubani ya Sporty's, kampuni ya vifaa na mafunzo ya marubani, mtandaoni bila malipo. Sheria ya hapa inamruhusu kuruka peke yake akiwa na miaka 16, na kupata leseni akiwa na 17.

Siku hiyo ale chakula chepesi. Rubani akiahirisha kwa sababu ya upepo, msimshinikize. Mtandio mwepesi hauna tatizo lolote, ila kofia yenye kifungo juu aiache nyumbani, kwa sababu ukanda wa vipokea sauti vya masikioni utakikandamiza utosini.