Maswali ya Wasomaji: Kiingereza katika Habari za Ajali ya Ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma na kusikiliza habari za ajali za ndege kwa Kiingereza, nikiandika kila neno nisilolijua pamoja na maana yake ya kamusi. Orodha yangu imekuwa ndefu, lakini ajali nyingine inapotangazwa nakwama tena, hata kwa maneno niliyokwisha kuyaandika. Je, njia hii inafaa? Tena, naona uzito moyoni kujifunza lugha kupitia misiba ya watu.
Mwanafunzi wa Kiingereza

JIBU: Ndugu msomaji, habari za ajali ya ndege hufundisha msamiati mwingi na ulio sahihi, lakini orodha yako haikusaidii kwa sababu inayatenga maneno na wakati wake. Katika habari za aina hii kila neno lina saa yake ya kuingia: lipo linalotumika ndege ikiwa haijulikani iliko, lipo linalosubiri mabaki yaonekane, na lipo ambalo mwandishi mwangalifu hathubutu kulitumia mpaka wachunguzi watoe ripoti. Kwa hiyo nakushauri uache kurukia kila ajali mpya, uchague moja ambayo uchunguzi wake umekamilika, na usome habari zake kwa mfululizo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi ningechagua safari namba 447 ya Air France, ndege aina ya Airbus A330 iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na kuanguka katika Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikiwa na watu 228. Katika habari za mwanzo ndege ni “missing”, yaani imepotea na haijulikani iliko, na abiria ni “feared dead”, yaani inahofiwa kuwa wamekufa. Hofu hiyo si taarifa ya kifo, na mwanafunzi anayetafsiri kwa haraka kuwa “wamekufa” amesema jambo ambalo mwandishi hakulisema. Kuna neno jingine lililo karibu na hilo, “presumed”, ambalo hutumika pale mamlaka zinapoamua kulichukulia jambo kuwa ni kweli ingawa uthibitisho kamili haujapatikana. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 29 Januari 2015, Malaysia ilipotangaza rasmi kwamba kupotea kwa ndege ya safari MH370, iliyotoweka Machi 2014 ikiwa na watu 239, ni ajali, na kwamba wote waliokuwamo wachukuliwe kuwa wamefariki.

Siku chache baada ya ajali ya Air France, vipande vya ndege na baadhi ya miili vilionekana vikielea. Vipande vilivyotawanyika namna hiyo huitwa “debris”, ilhali “wreckage” ni mabaki ya chombo chenyewe, ambayo kwa ndege hii yaligunduliwa Aprili 2011 katika kina kinachokaribia mita 4,000. Hapo pia utakutana na kitenzi “recover”, ambacho wanafunzi wengi wamekizoea kwa maana ya kupona ugonjwa. Ukisoma kwamba miili ni “recovered”, maana yake imepatikana na kuopolewa. Vivyo hivyo, zingatia siku ambayo waandishi wanaacha kusema “rescue”, kuokoa walio hai, wakaanza kusema “recovery”, kwa sababu badiliko hilo peke yake linatangaza kwamba tumaini la kupata manusura limekwisha, hata kama hakuna sentensi nyingine inayolisema.

Visanduku vyeusi, yaani vinasa vya taarifa za safari na sauti za marubani, ambavyo kwa kweli hupakwa rangi ya chungwa ili vionekane kwa urahisi, viliopolewa Mei 2011, na ripoti ya mwisho ilitolewa Julai 2012. Ripoti hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye neno ninalolihimiza kuliko yote: “stall”. Kamusi nyingi zitakuambia kwamba ni kuzimika kwa injini, na kwa gari hiyo ni sahihi. Katika urukaji maana ni nyingine kabisa: pua ya ndege imeinuka kupita kiasi kuhusiana na mkondo wa hewa, kiasi kwamba mabawa hayapati tena nguvu ya kutosha ya kuibeba. Katika safari 447, mirija ya kupimia mwendo iliziba kwa chembe za barafu, vipimo vya mwendo vikatofautiana, mfumo wa kujiendesha ukajizima, na marubani wakabaki kuiongoza ndege kwa mikono usiku juu ya bahari. Pua iliinuliwa, tahadhari ya “stall” ikalia, na ndege ikaporomoka kwa muda wa takriban dakika tatu na nusu huku injini zake zikifanya kazi. Mwanafunzi aliyeshika maana ya gari ataisimulia ajali hii vibaya tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa kila neno lake limo katika kamusi.

Katika ripoti kama hiyo huoni sana maneno ya lawama. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinasema kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama, ndiyo maana wachunguzi huandika “contributing factors”, mambo yaliyochangia, badala ya kumtaja mkosaji. Magazeti hayafungwi na kanuni hiyo, na ukiyalinganisha na ripoti utaona tofauti hiyo waziwazi.

Kuhusu uzito wa moyo, nauheshimu, na nisingependa ukutoke. Mahojiano na wafiwa usiyafanye zoezi, yaache. Lakini kujua kwamba “casualties” hujumuisha majeruhi pamoja na waliokufa, na kwamba “fatalities” ni waliokufa tu, kutakuzuia kumtangazia mtu kifo cha ndugu yake aliye hai hospitalini. Usahihi wa namna hiyo ni haki ya wale wanaosubiri habari.

SWALI: Vichwa vya habari za ajali hunichanganya, kwa sababu tukio la jana huandikwa kama la sasa na vitenzi vingine havipo. Je, niige uandishi huo?
Msomaji wa magazeti

JIBU: Usiuige katika insha wala barua, lakini ujifunze kuusoma. Kichwa kinachosema “Plane crashes into sea” kinazungumzia jambo lililokwisha kutokea: ndege ilianguka baharini. “Investigators to examine recorders” kinahusu jambo litakalofanyika: wachunguzi watavichunguza visanduku vyeusi. Na katika “Dozens feared dead”, yaani makumi ya watu wanahofiwa kufa, kitenzi “are” kimeachwa ili kuokoa nafasi. Zoezi linalofaa ni kukiandika upya kila kichwa kiwe sentensi kamili yenye wakati wake sahihi, kisha ukilinganishe na aya ya kwanza ya habari hiyohiyo, ambako kwa kawaida mwandishi mwenyewe ameyarudisha yale yaliyoachwa.